Mvua Haivunji Taya

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na wagonjwa wangu wameanza kuteleza.

Wa kwanza aliteleza mlangoni. Wa pili aliteleza akitoka chooni. Wa tatu, mwanamume mwenye kifua kama kabati, aliteleza sokoni akaangukia, kwa maelezo yake, "kitu." Nikamuuliza kitu gani. Akasema hakukiona vizuri, kulikuwa na giza. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nimekaa katika hospitali hii miaka ya kutosha kujua kwamba kiangazi hakuna anayeteleza. Kiangazi wote hugongwa na milango. Milango ya mji huu ina ugomvi na watu.

Nesi wangu, ambaye tunamwita Kamanda kwa sababu hata mganga mkuu humwamkia yeye kwanza, amenishauri niache kuuliza. "Daktari, wewe ziba jino. Ukianza kutafuta sababu utahamia hapa na godoro." Nimemwambia sawa. Mgonjwa wa nne alipoingia nikauliza tena.

Jumatano, 5 Machi

Naandika hili ili nipumue, maana nikilisema tena Kamanda atanitoa chumbani kwangu mwenyewe.

Mtu anayeteleza hujikinga. Mikono hutangulia. Viganja huchubuka, magoti huchubuka, kidevu hupasuka kwa chini, pua hupata fungu lake na meno ya mbele hukatika. Taya likivunjika kwa kuanguka, mara nyingi huvunjikia juu kabisa, karibu na sikio, kwa sababu kilichopigwa na ardhi ni kidevu. Aliyepigwa ngumi viganja vyake ni visafi kama vya mtu aliyetoka kunawa. Ameumia shavu, jicho, pembe ya taya, na mdomo wake umechanwa kwa ndani na meno yake mwenyewe. Na ni upande wa kushoto, karibu kila mara, kwa kuwa watu wengi hupiga kwa mkono wa kulia na hupigana wakitazamana. Sakafu haichagui upande.

Leo ameletwa mama mmoja, shavu la kushoto limevimba, viganja visafi. Mumewe amesimama pembeni, mkono wa kulia umefungwa leso.

"Ameteleza," akasema mume.

"Na wewe mkono?"

"Nilikuwa namwinua."

Nikaifungua ile leso. Kifundo cha kidole kilikuwa na jeraha lenye umbo la jino. Nikamsafisha na yeye, nikampa dawa, maana jeraha la jino la mtu huoza upesi. Ndiyo kazi yangu: natibu jino, halafu natibu aliyeling'oa.

Huwa nauliza mara mbili. Mara ya kwanza mbele ya msindikizaji, mara ya pili peke yetu, kwa kisingizio cha kwenda kupiga picha. Yule mama akajibu vilevile mara zote mbili, niliteleza, huku ananitazama kwa huruma, kana kwamba mwenye shida pale ni mimi. Nikapandisha sauti. Sikupaswa, lakini nimechoka kudanganywa na watu ambao nimeshika taya lao mkononi.

Jumapili, 9 Machi

Paa langu linavuja jikoni na chumba cha wageni. Mdogo wangu amekuja kuliangalia. Yeye ni fundi ujenzi na ni kitindamimba wa mama yetu, vyeo viwili vinavyomruhusu kufika popote kwa saa anayotaka.

Alisimama katikati ya jiko, akatazama juu. "Dada, hili si tundu. Hapa unaweza kuweka pazia."

Nikacheka mpaka nikakaa. Akala, akaosha vyombo bila kuombwa, akaomba bakuli ampelekee mkewe kilichobaki. Mama husema mtoto huyu alizaliwa akitabasamu, nasi wengine tulizaliwa tukidai. Wanaume wote wangekuwa kama yeye ningefunga chumba changu nikalime mboga.

Ameahidi kuja na mabati wiki ijayo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Watatu wameteleza. Mmoja ana alama ya pete shavuni.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, amekuja hospitali peke yake na jino la juu limekatika. Ameteleza bafuni. Mdomo wake ulikuwa umevimba upande wa kulia, na jino lenyewe ni la kulia.

Nilimzibia vizuri, huwezi kujua lipi ni lake na lipi ni langu. Nikamtania kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza mwezi huu aliyeteleza kweli, na kwamba sabuni yao ni ya kushtakiwa. Nikamwambia anunue ndala za mpira zenye kushika sakafu. Akasema, "Haya, wifi." Akakaa kwenye kiti muda mrefu baada ya mimi kumaliza. Nilidhani ni ganzi.

Jumatatu, 17 Machi

Mwisho wa wiki kulikuwa na mpira. Vijana wawili wamegombea kiti cha plastiki. Mmoja amevunjika mfupa wa shavu, wa pili ana meno mawili mfukoni, ameyafunga kwenye karatasi ya chapati. Kiti kilivunjika pia. Nikawauliza nani alishinda wakafikiri nauliza ya mpira.

Hawa angalau hawakuteleza. Mwanaume akipigwa na mwanaume mwenzake husema wazi, hata huongeza chumvi. Mwenye shavu lililovunjika anasema walikuwa wanne.

Alhamisi, 20 Machi

Mabati hayajaja. Nimeweka sufuria tatu chumba cha wageni. Usingizi hakuna.

Jumatano, 26 Machi

Mganga mkuu ameniita ofisini. Polisi wamelalamika kwamba napeleka kesi nyingi ambazo wagonjwa wenyewe wanazikana, na yeye amechoka kupigiwa simu. "Daktari, mgonjwa akisema ameanguka, wewe nani umwambie hakuanguka?"

Nikamwambia mimi ndiye niliyeona mfupa.

"Mfupa hausimami kizimbani," akasema, akafurahia sana alivyosema, akarudia.

Nimetoka pale nimevimba kuliko wagonjwa wangu.

Jumapili, 30 Machi

Leo si siku yangu ya kazi. Simu ililia mchana nikiwa nakinga maji. Ni mdogo wangu, analia, sikumwelewa neno ila "wifi yako" na "damu."

Nilipofika alikuwa amempakata mkewe kwenye benchi la mapokezi, shati lake limelowa mvua na mate yenye damu. Taya la chini limevunjika pembeni, upande wa kulia, na mstari mwingine mwembamba mbele, kushoto kwa kidevu. Meno hayakutani. Nikamuuliza wifi imekuwaje, na kabla hajajaribu kufungua mdomo, mdogo wangu akajibu. Waliporudi kutoka dukani aliteleza kwenye ngazi ya mbele, akaangukia ukingo wa saruji. Ngazi aliijenga yeye mwenyewe, akasema, na kesho ataivunja kwa mikono yake.

"Pole, mdogo wangu," nikamwambia. Yeye ndiye niliyempa pole kwanza. Naliandika hilo hapa ili nilisome.

Nimemfunga wifi taya mimi mwenyewe. Vyuma vya upinde kwenye meno ya juu na ya chini, kisha waya, meno yakabana. Wiki sita za uji, supu na maziwa kwa mrija. Nikampa koleo dogo la kukatia waya, kama tunavyompa kila anayefungwa, alale nalo na atembee nalo, maana akitapika huku mdomo umefungwa anaweza kupaliwa akafa. Mdogo wangu akalichukua lile koleo akalitia mfukoni mwake. "Nitamtunzia," akasema. Nikaona ni upendo.

Ni upande wa kulia, nikamwambia Kamanda tulipokuwa tunaosha vyombo. Ngumi ingekuwa kushoto.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi. Wawili wameteleza. Sikuwauliza.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua ilipumzika saa nane mchana na mdogo wangu akaja na mabati. Akasema mgonjwa amelala, jirani anamwangalia. Nikamshikia ngazi.

Alikuwa anapiga msumari na kusimulia habari za tajiri mmoja anayetaka nyumba yenye vyoo vingi kuliko vyumba. Nilikuwa nacheka, uso nimeuinua, jua linanipiga machoni. Nyundo ilikuwa kwenye mkono wa kushoto.

Nilimwangalia kwa misumari mitatu au minne hivi. Mdogo wangu alizaliwa mtu wa kushoto. Mama alimfunga mkono huo kwa kitambaa alipokuwa mdogo, siku baada ya siku, mpaka akajua kula na kuandika kwa kulia. Mezani hakuna anayekumbuka. Lakini penye kutaka nguvu, kama jiwe, shoka au nyundo, mkono wa kushoto hutangulia wenyewe. Nimelijua hilo maisha yangu yote. Nilimfungulia kile kitambaa mara nyingi, Mama akiwa hayupo.

"Shuka," nikamwambia.

"Bado miwili, Dada."

"Shuka."

Akashuka, anapangusa mikono kwenye suruali.

"Wifi aliteleza wapi?"

"Si nilikwambia, pale kwenye ngazi."

"Na ile ya jino?"

"Bafuni. Dada, vipi?"

"Viganja vyake havina mchubuko. Magoti hayana. Kidevu hakina."

Akainamisha kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kutania, ila imepungua maji, "Wewe mwenyewe unajua wifi yako ana mdomo."

"Alikuwa nao."

Hapo akaanza kulia. Ni hasira, alisema. Kazi zimekuwa ngumu, na mkewe humjibu mbele ya watu. Ilikuwa mara moja tu. Nikamwambia mara mbili. Akasema ile ya jino haikuwa ngumi, lilikuwa kofi. Alinisahihisha huku analia, na nadhani alitaka nimshukuru kwa kusema ukweli.

Nikamwomba koleo. Alikuwa amepanda nalo mfukoni juu ya paa langu, na mkewe yuko nyumbani kwao amefungwa mdomo. Angetapika angefanya nini?

Nimekasirika na yeye, lakini kusema kweli aliyenichosha zaidi leo ni mimi. Kila siku nawapigia watu kelele kwamba mvua haivunji taya. Wa kwangu alipokuja, mara mbili, nikashika kanuni ya upande wa kushoto kama mtoto aliyekariri jedwali. Nyani haoni kundule. Viganja niliviona, ningevisoma tu kama ninavyosoma vya watu baki. Sikuvisoma, kwa sababu ni ndugu yangu, na ndugu yangu huosha vyombo.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemchukua wifi. Nilikwenda asubuhi na mkoba mtupu, nikampa koleo lake, nikamwambia tuna chumba, kinavuja. Akatia nguo zake mwenyewe. Mdogo wangu alisimama uani akitazama, hakutuzuia, akabeba hata mkoba mpaka barabarani.

Jumatano, 9 Aprili

Uji, supu, uji. Amekataa wa ndizi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mtu aliyefungwa taya huweza kusema, kwa meno yaliyobana. Anasikika kama mtu mwenye hasira hata akiomba chumvi. Wifi hakutaka kusema kwa siku nyingi na mimi sikumlazimisha. Leo nilikuwa namkorogea uji, akasema:

"Kila mwanamke unamuuliza mara mbili. Mdogo wako alinisimulia, mlicheka. Mimi uliniuliza mara moja, ukaniambia ninunue ndala."

Nikamwambia anisamehe. Akasema uji una madonge.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama amefika na mkoba wa kukaa. Amesema amekuja kumuuguza mkwewe. Kabla hajavua viatu amesema vikombe vya kabati moja havikosi kugongana.

"Mama, kinachovunjika ni kimoja tu."

"Wewe usijibu kama mtu wa redio."

Jumatano, 23 Aprili

Nyumba hii sasa ina wanawake watatu na matundu matano. Mama anampikia wifi supu safi kuliko zangu, anamchana nywele, anamwita mwanangu, na katikati ya kila kijiko anatia neno. Kwamba mumewe hali. Kwamba amekonda. Kwamba baba yetu mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia tangu baba afariki, ataitisha kikao wayamalize kiutu uzima. Kwamba kikao kinangoja tu mdomo ufunguliwe, ili mwenye kukosewa aseme mwenyewe kuwa amesamehe.

"Na kama hajasamehe?" nikauliza.

"Mwanangu, kikao hakiitwi kwa ajili ya hilo."

Hospitalini leo: mmoja kateleza, na mmoja, bwana mzima, kang'atwa mdomo na mkewe. Huyo mke nilitamani nimpe mkono. Kisha bwana akaniambia hajala tangu jana kwa kuogopa kurudi nyumbani, nikajionea haya.

Alhamisi, 1 Mei

Tumegombana na Mama jikoni, kwa sauti za chini kwa sababu ya mgonjwa, na ugomvi wa sauti ya chini ndio mbaya zaidi. Nilisema mdogo wangu anastahili kwenda polisi. Akaniuliza nitamtazamaje yeye, mama yangu, nikishampeleka mwanawe jela. Kisha akasema lile alilokuwa amelihifadhi tangu afike:

"Yako ilikushinda. Sasa unataka na ya mwenzio ivunjike, mkae wawili."

Niliachika kweli. Mume wangu hakuwahi kuniinulia mkono, tulichokana tu kama watu wanaochoka. Nilipanda kitandani na viatu.

Jumanne, 6 Mei

Mdogo wangu huja getini kila jioni. Hagongi. Anaacha maziwa, anaacha maembe laini ya kusaga, jana aliacha mwavuli. Wifi anakunywa maziwa. Leo nimemkuta dirishani, pazia limefunguka kidogo, naye anatabasamu kadiri waya unavyoruhusu, kwa sababu yule mpumbavu alikuwa anaamkiana na mbwa wa jirani kwa heshima zote, kama mkwe.

Hilo limenitisha kuliko picha ya taya. Nimewaona wanawake wangapi wanaorudi? Nawafungua waya leo, na msimu unaofuata nawafunga tena, mahali palepale, ambapo mfupa umeshakuwa dhaifu.

Jumatatu, 12 Mei

Wiki sita zimetimia. Nimempiga picha. Mfupa umeunga vizuri, kazi safi, ningeweza kuwaonyesha wanafunzi.

Nikamwambia bado. Wiki mbili nyingine, labda tatu. Baba mdogo amepanga kikao Jumapili hii, Mama amepiga simu kukiahirisha, na nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Alhamisi, 15 Mei

Manyunyu. Hakuna aliyeteleza leo. Nimegombana na Kamanda kwa jambo la pamba.

Jumapili, 18 Mei

Mama alikwenda kusalimia jamaa. Nilikuwa jikoni. Wifi akaja akaketi, akaliweka lile koleo mezani mbele yangu.

"Hili ulinipa la siku ya kutapika," akasema kwa meno yaliyobana. "Leo nimechefuka."

Nikauliza kama anaumwa tumbo.

"Mfupa wangu umeunga, wifi."

"Nani amekwambia?"

"Wewe. Mdogo wako akinidanganya hunitazama machoni. Wewe unatazama sufuria. Tangu Jumatatu unatazama sufuria."

Nikajaribu kusema habari za kinga, za kuongeza siku kwa usalama. Aliniacha nimalize. Ana subira ya mtu aliyekwisha kusikiliza mengi.

"Uliogopa ningesema nini kikaoni?"

"Kwamba umemsamehe."

"Na kama ningesema hivyo?"

Nikatazama sufuria. Mate yalikuwa yanamtoka pembeni kwa kusema mengi, akayafuta kwa kanga, na kila neno lilitoka limebanwa.

"Mdogo wako alinifunga mdomo kwa ngumi. Mama yako ananifunga kwa supu. Wewe kwa waya. Wewe tofauti yako ni kwamba ulinichoma ganzi kwanza."

Nilitaka kukasirika. Mimi ndiye niliyemtoa kule, nimempa chumba, nimegombana na mama yangu mzazi kwa ajili yake. Nilikuwa na hoja nyingi na zote zilikuwa za kweli. Nikalichukua koleo nikamrudishia mkononi, nikamwambia kesho asubuhi, saa mbili, na kama hawezi kungoja akate sasa hivi nitamshikia kioo.

"Nitangoja," akasema. "Wewe ndiye fundi."

Jumatatu, 19 Mei

Nimemfungua. Taya likishafungwa muda mrefu hukakamaa, mdomo unafunguka upana wa kidole kimoja tu. Alifungua, akafunga, akafungua, anajitazama kwenye kioo cha Kamanda. Hakusema kitu njia nzima kurudi nyumbani, na mara hii alikuwa hasemi kwa sababu hakutaka.

Jumamosi, 24 Mei

Jua. Mama amefua mapazia yangu yote kwa ajili ya wageni wa kesho. Sijamuuliza wifi atasema nini. Nimeuma ulimi mara kumi, na mimi ndiye ninayewaambia watu wasifanye hivyo.

Jumapili, 25 Mei

Tulikaa sebuleni kwangu. Baba mdogo kwenye kiti kikubwa, Mama pembeni yake, mdogo wangu kwenye kigoda, amenyoa, amevaa shati alilooa nalo. Wifi aliketi mkekani karibu na mlango. Nilikaa kati, kwa kukosa pengine pa kukaa.

Mdogo wangu alizungumza vizuri sana. Alisema amekosa, akasema shetani, akasema kazi, akasema hajui alipatwa na nini. Alipiga magoti. Alilia kwa kweli, si kwa kuigiza, namjua. Hata mimi nilitaka kumwinua, maana ni yule yule mtoto niliyekuwa namfungulia kitambaa. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama anayemkumbusha shairi la shule.

Baba mdogo akageuka. "Mwanetu, umesikia. Binadamu hakamiliki. Tunangoja neno lako."

Wifi akasema, polepole, kwa mdomo usiofunguka vizuri, "Mimi neno langu litakuwa la mwisho. Kwanza daktari wangu yupo hapa. Aseme alichokiona mdomoni mwangu."

Miezi yote hii nimekuwa nawadai watu waseme. Nimewapandishia sauti wake za watu, nimegombana na mganga mkuu, na jana nilikuwa nauma ulimi kwa hamu ya huyu aseme. Zamu yangu ilipofika ulimi ukawa mzito kama tambara lililolowa.

"Hapa si hospitali," Baba mdogo akasema.

"Angalia unachosema, mwanangu," akasema Mama. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananiomba.

Nikasema. Jino la juu, kulia, mwezi wa tatu, mdomo umechanwa kwa ndani. Taya la chini, pembe ya kulia, na mpasuko wa pili mbele, wiki mbili baadaye. Viganja visafi mara zote mbili. Nikasema mtu hatelezi hivyo. Nikasema mkono uliofanya hivyo ni wa kushoto, na mpigaji alikuwa amesimama mbele yake, karibu, na pigo la pili lilikuwa na nguvu kuliko la kwanza. Nikasema la tatu sitaweza kulifunga kwa waya. Nikasema pia kwamba niliyaona yote hayo na sikutaka kuyaona.

Mama akanyanyuka akaenda jikoni. Mdogo wangu aliweka mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Basi, neno langu," akasema wifi. "Kusamehe nitasamehe, nikishapona, nikiwa kwangu peke yangu, siku nikitaka. Kesho nakwenda polisi. Anayetaka kunisindikiza aje."

Kutoka jikoni Mama akaniita kwa jina langu la utotoni. "Ukienda naye, usinihesabu."

Jumatatu, 26 Mei

Kituoni tulingoja mpaka mchana. Mama alikuwa ameondoka alfajiri, ametandika kitanda, ameacha supu.

Askari wa dawati ni mtu mzima, mpole, sura ya mtu aliyelea watoto wengi. Alitusikiliza sote wawili bila kutukatiza. Kisha akaniuliza uhusiano wangu na mtuhumiwa. Nikasema ni mdogo wangu, tumbo moja.

Akaweka kalamu chini. "Daktari. Ndugu yako. Na wewe dada, mume wako. Sisi tukishaandika hapa, haifutiki. Kwa nini msirudi nyumbani mkayazungumze?"

"Nyumbani ndiko tunakotoka," wifi akasema.

Yule askari alimtazama kidogo, akaitwaa kalamu tena. Akaandika tarehe, akaandika jino, akaandika taya. Nikamwelekeza pande zote, nikamtamkia polepole, kazi yangu hiyo naijua. Alipoinua macho kuuliza jina kamili la mtuhumiwa nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Nikajaribu tena. Wifi akanishika goti, akalitaja yeye, la mumewe, la baba yetu na la babu yetu, yote matatu, wazi kabisa.